Bakuli Likirudi Tupu

Ukimtaka Ozella Broadnax, usiulize nyumba. Simama hapo darajani, unuse. Upepo ukitoka ng'ambo, pua itakupeleka yenyewe mpaka mlangoni kwake, na ukifika utajikuta umeshavua kofia na unaomba kijiko. Kwenye msiba wa mzee Hosea, pai yake ya mapichi ilipopitishwa karibu na jeneza, marehemu alimeza mate. Nimeona kwa macho yangu haya. Mchungaji naye aliona. Mkimuuliza atakana, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Mimi na yeye tulizaliwa upande mmoja wa mto, upande wa Tolliver, ambao ndio Mungu aliuumba akiwa hajachoka. Tulicheza pamoja, tukachapwa pamoja, tukabatizwa siku moja kwenye maji yaleyale ya matope. Halafu akatokea Lucius Broadnax, kijana wa Pettway, upande wa pili wa mto, mpiga lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini kama chatu aliyeshiba. Chuo chao kilikuja kucheza mpira na chuo chetu, na wakati wa mapumziko bendi ikaingia uwanjani. Lucius akapuliza. Upepo wa lile tarumbeta ukamvua Ozella kofia yake ya kanisani ukaipeleka ng'ambo ya mto. Ozella akaifuata, na hajarudi mpaka leo.

Watu wa kwetu hawakumsamehe. Angekuwa ameua mtu, tungempelekea chakula gerezani. Lakini kuolewa Pettway! Baba yake alipotaja watoto wake mezani alikuwa akifika kwa Ozella anakohoa, kisha anaendelea na yule wa baada yake. Na kila Novemba, siku ya mechi ya Tolliver na Pettway, vijana wakivaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu kwa ajili ya mpira ulio kama yai, mimi nilikaa upande wangu wa uwanja na kitambaa cha kijani, yeye akakaa upande wake na cha zambarau, tukitukanana kwa kupunga. Mechi ikiisha tunakutana choo cha wanawake, tunacheka mpaka tunashika ukuta.

Lucius alimwacha mjane mapema. Alimwachia tarumbeta na mtoto mmoja, Jonquil, aliyezaliwa baada ya wenzake ambao hawakukaa. Huyo Ozella alimlea kama yai juu ya kijiko. Na yai likaota miguu, likaenda Detroit kusoma, likakaa huko. Miaka yote hiyo Ozella alikuwa akiongea na mwanawe kwenye simu huku anapika, simu ameibana kwa bega, mpaka leo shingo yake imelala upande wa kushoto. Ukimsalimia unadhani anakushuku.

Basi Jonquil akaolewa na Tavaris Oglesby, mwanamume mkubwa kama mlango wa ghala, mpole, aliyewahi kucheza mpira na sasa anafundisha. Pettway wakamwita awe kocha wa wale wanene wa mstari wa mbele. Wakaja kukaa Barabara ya Magnolia, hatua chache tu kutoka kwa Ozella, Jonquil akiwa na mimba. Akazaliwa Zinnia. Sijapata kuona mtu anafurahi vile bila kuugua. Ozella alikuwa anaamka, anavuka barabara, anamchukua mtoto, anarudi naye jikoni, anamwimbia majina ya viungo. Neno la kwanza la Zinnia lilikuwa "Ma-Zee", yaani bibi yake. La pili lilikuwa "siagi".

Sasa, huku kwetu, pande zote mbili za mto, kocha mpya akihamia, wanawake wanampelekea mkewe chakula. Hilo halina kuulizana. Huyu sukuma wiki na shingo ya bata mzinga, huyu makaroni ya jibini, huyu kambare. Kila kitu kwenye bakuli lako la kuokea, na chini ya bakuli umebandika plasta yenye jina lako, lisipotee. Kalamu na mimi hatujawahi kuelewana, kwa hiyo plasta yangu haina jina, ina kuku. Kila mtu anamjua kuku wangu.

Bakuli halidaiwi. Linakaa huko miezi, mwaka, na kadiri linavyokaa ndivyo unavyojua wale watu wametulia. Na likirudi, halirudi tupu. Utaweka hata mayai, hata nyanya, hata ubwabwa wa jana. Mwanamke anayekurudishia bakuli tupu, lililosuguliwa likang'aa, anakuambia kitu kimoja tu: jiko langu limeshafungwa kwenye maboksi.

Mwaka ninaousema, Pettway walitufunga. Walitufunga vibaya mno, mpaka mwamuzi alikuwa anatuangalia kwa huruma. Walikuwa wamefunga kila aliyesimama mbele yao mwaka ule. Barabara ya Magnolia walikuwa wanatembea katikati ya njia kama wafalme. Ungesema wana nini cha kuwahamisha?

Wiki iliyofuata, Delphine, mke wa Kocha Ransom, kocha wao mkuu, alimrudishia dada Euola wa kwaya bakuli lake. Euola akafunua kitambaa. Hamna kitu. Alilipeleka dirishani, akalitazama kwenye mwanga, akidhani labda ni macho yake.

Jumapili benchi la akina Ransom lilikuwa wazi kanisani. Mchungaji alihubiri akiwa analitazama benchi lile, akarudia mstari mmoja mara kadhaa kama santuri iliyokwaruzwa. Waumini walipopita Barabara ya Magnolia baada ya ibada, madirisha ya nyumba ya Ransom hayakuwa na mapazia. Uliweza kuona mpaka ukuta wa nyuma.

Kwetu tulicheka! Cleophus Mims, anayeuza mbavu za kuchoma pale mwanzo wa daraja, alipunguza bei siku nzima. Hilo peke yake lingetosha kunitia hofu. Mimi kama kawaida yangu nikasema kidogo tu, kwamba Ransom ameona kitu kinapumua chini ya uwanja wa Pettway. Mpaka jioni habari ilikuwa imeshavuka mto na kurudi kwangu ikiwa na meno na mkia.

Kisha akaondoka yule anayewafundisha warusha mpira. Bakuli tupu, mapazia yametoka, gari limekwenda. Halafu yule wa wakimbiaji; mkewe alikuwa ameanza kupanda vitunguu, akaviacha ardhini. Hakuna aliyeaga. Gazeti lilikuwa bado linawasifu kwa ushindi. Unapita Magnolia jana, nyumba ina watu. Unapita leo, inakutazama kwa madirisha matupu kama mtu aliyevua meno.

Ndipo ikajulikana. Ransom amepata chuo kikubwa kaskazini, chenye uwanja unaoweza kumeza Tolliver na Pettway pamoja na makaburi yake, na bado ukabaki na njaa. Na alikuwa anawachukua watu wake mmoja mmoja, kama mtu anayerudi jikoni kuchukua vijiko alivyosahau. Aliyeitwa alikatazwa kusema. Mkewe naye alikatazwa kusema, hata kwa mama yake mzazi.

Ozella alivuka daraja kuja kwangu akiwa na mkoba na ile shingo yake ya upande. Cleophus akamwona kutoka mbali.

"Mama Ozella! Nasikia huko kwenu kocha anatafutwa kanisani, sharti tu aje na filimbi yake!"

"Wewe Cleophus, mbavu zako ni ngumu, hata mbwa wangu alizirudisha."

"Mbwa wako wa Pettway huyo. Naye ana siku ngapi kabla hajaitwa kaskazini?"

Siku nyingine angemjibu mpaka Cleophus akaingia ndani ya jiko lake la moshi. Siku ile alipita tu. Nikajua.

Aliketi barazani kwangu, akakataa chai baridi. "Vella," akasema, "Jonquil hanisemeshi."

"Mmegombana?"

"Ananisemesha sana. Ananiambia mtoto kalala vipi, mvua itanyesha lini. Anasema yote. Halafu ananyamaza, halafu anasema mengine. Katikati pale ndipo hanisemeshi."

"Muulize basi, shoga. Wewe ni mama yake."

"Nikimuuliza atanidanganya, kwa sababu ameapa. Na mimi nitajua amenidanganya. Sasa nitakuwa nimebaki na nini?"

Nilitaka kumtania. Nilikuwa na la kusema, tamu kabisa, kuhusu watu waliokimbilia Pettway. Nikaliacha.

"Mabakuli yako yako wapi?" nikamuuliza.

Uso wake ukafunguka kidogo. "Yako kwake. La bluu, lile la harusi yangu, liko kwake tangu siku waliyofika, nililopelekea pai. Bado liko kwake, Vella. Nimeliona juu ya kabati."

"Basi tulia."

"Nimetulia." Akasimama. "Nimefikiri kitu. Mtu hawezi kuhama na bakuli la watu. Si ndiyo? Hawezi. Sasa akiwa nayo mengi, atayarudishaje yote asijulikane?"

Hapo ndipo alipoanza. Alipika kama mtu anayelisha jeshi lililopotea. Asubuhi mkate wa mahindi, mchana maharage, jioni viazi vitamu. Kila kitu kwenye bakuli lake, anavuka barabara, analiacha, anarudi mikono mitupu na moyo umejaa. Tavaris, mwili wote ule, alianza kupumua kwa shida akipanda ngazi. Njiwa wa Magnolia walinenepa kwa makombo wakawa wanatembea, hawaruki tena. Ozella alimaliza mabakuli ya kuokea, akapeleka ya saladi. Akamaliza ya saladi, akapeleka lile la kukandia unga. Na jikoni kwake hakukuwa na kitu tena cha kupikia ila sufuria moja na tarumbeta la marehemu, na nadhani alilitazama.

Ndipo akaja kuazima langu. La manjano, la mama yangu, lenye kuku.

"Nalo litarudi?" nikamuuliza kwa utani.

"Naomba Mungu lisirudi," akasema.

Tulikwenda pamoja kulipeleka, limejaa wali na uduvi. Barabara ya Magnolia haikuwa na sauti. Hata bendi ya chuo, ambayo mchana huwa inafanya mazoezi mpaka vikombe vinatembea mezani, siku ile ilikuwa inapiga ngoma moja tu, polepole, mtu mmoja anajaribu kitu. Tukapita madirisha matupu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Vitunguu vya yule mke wa kocha vilikuwa vimechipua, kijani kibichi, havijaambiwa.

Mapazia ya Jonquil yalikuwepo. Ozella aliyaona nikamsikia anashusha pumzi.

"Mama, tena?" Jonquil akacheka mlangoni. Alicheka kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe. "Karibu, Shangazi Vella. Mama atatuua kwa chakula."

"Atakayekufa kwa uduvi wangu atakufa anatabasamu," Ozella akasema. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

Zinnia alikuwa sebuleni. Ameketi ndani ya boksi kubwa jipya, anacheza, anagonga kuta zake na kijiko. Ukutani nyuma yake, palipokuwa na picha ya babu yake Lucius na tarumbeta lake, kulikuwa na mraba wa rangi nyeupe kuliko ukuta mwingine.

Ozella alilitazama boksi. Akautazama mraba. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Boksi zuri," Ozella akasema.

"Anapenda kukaa humo," Jonquil akajibu haraka.

"Naona. Ni imara."

Simu ya Tavaris, aliyekuwa ameketi pembeni, ikalia. Akaitazama, akamtazama mkewe, akatoka nje kuipokea, na mlango akaurudisha taratibu sana nyuma yake, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa. Tulikaa pale tukimsikia anasema, "Ndiyo, Kocha. Ndiyo, Kocha. Naelewa, Kocha." Zinnia akagonga boksi.

"Sasa," Ozella akasema, "wali huo usikae, utapoa." Akaingia jikoni, akafungua kabati kutafuta sahani. Nilikuwa nyuma yake. Mabakuli yake yote yalikuwa pale, yamepangwa, kubwa chini, dogo juu, yameoshwa. Yanang'aa. Aliyatazama kama mtu anayetazama maji yanapanda. Akafunga kabati polepole, akala wali kwa kijiko kutoka kwenye bakuli langu, amesimama, bila sahani.

Njiani kurudi, Ozella alisimama kwenye vitunguu. Akainama, akang'oa kimoja, akakipangusa udongo.

"Ana haki ya kwenda," akasema. "Mume kapata kazi kubwa. Ningekuwa mimi ningekwenda. Si nilikwenda?" Akakiweka kitunguu mkobani. "Lakini mimi nilivuka daraja tu, Vella. Baba yangu akitaka kuniona alikuwa anasimama ukingoni."

"Na alikuwa anasimama?"

"Kila Jumapili. Alidhani simwoni."

Sikuwa nalijua hilo. Umri wote huu.

Halafu asubuhi moja, kabla chai yangu haijachemka, nikasikia gari linasimama mbele ya nyumba na halizimwi. Nikafungua mlango. Jonquil alikuwa anapanda ngazi za baraza akiwa na boksi, na jingine ameshalitua. Garini Tavaris alishika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Zinnia nyuma, amelala, mdomo wazi.

"Shangazi, naomba umpelekee Mama."

"Una miguu. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwako. Umevuka mto mzima kuniletea mimi?"

"Nikimwona sitaondoka." Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. "Tavaris anaanza Jumatatu. Kocha amesema tusi..." Akaacha. "Mwambie nitampigia tukifika."

"Mwanangu, mama yako ataulizwa na watu kama aliagwa. Atasema nini?"

"Mwambie..." Alitafuta neno, akatazama juu kama limeandikwa darini kwangu. Halikuwepo. Akanikumbatia kwa nguvu, akanukia sabuni ya vyombo, akashuka ngazi akikimbia. Gari likaondoka. Sikupata hata kumgusa mtoto.

Nikafunua boksi. Juu kabisa lilikuwa langu la manjano. Nikaligeuza: kuku wangu alikuwepo, ameoshwa mpaka amebaki nusu. Ndani hamna kitu. Hata yai.

Nilimwomba Cleophus anipeleke na gari lake la mizigo. Aliyaona mabakuli, akafungua mdomo, nikamwambia, "Leo hapana." Akaufunga. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Mkunga wake alisema alitoka tumboni katikati ya sentensi. Alivuka daraja taratibu kama anabeba maiti, na moshi wa mbavu zake ukatufuata.

Ozella alikuwa barazani. Alipoona gari alisimama, na alipoona maboksi alikaa tena. Nikampelekea. Alianza kuyatoa moja moja. Kila moja alilinusa kwanza, kisha alilipitisha kidole ndani, kisha akaliweka sakafuni. La mkate wa mahindi. La maharage. La viazi. La kukandia unga. Kila plasta imeandikwa BROADNAX kwa mkono wa Lucius, na mengine yalikuwa yameanza kubanduka. Alipofika mwisho alitia mkono mpaka chini ya boksi la pili, akapapasa.

"La bluu halipo."

"Labda kalisahau."

"Sikumlea hivyo." Akapapasa tena. "Mtu wa kwetu hahami na bakuli la mtu. Anajua. Anajua, Vella."

"Basi kalichukua makusudi."

Alikaa na mkono wake ndani ya boksi tupu. Mimi nilikuwa namtazama usoni nione kama atalia au atacheka, na nakuambia kweli, mimi ninayemjua tangu hatuna meno, sikuweza kujua. Kama Jonquil alilichukua kwa sababu ana deni la kurudi, au kama lilivunjika kwenye kufungasha na akaona haya kusema, nani wa kutuambia? Simu ilikuwa mezani. Haikulia. Detroit ilikuwa mbali, na huko walikokwenda ni mbali zaidi.

Mwishowe aliinuka, akaingia jikoni, akayapanga mabakuli kwenye rafu. Katikati akaacha nafasi. Halafu akafungua kabati la chini, akatoa chupa za mapichi aliyoyahifadhi kiangazi, akaanza kuzifungua.

"Unafanya nini sasa, shoga?"

"Magnolia haiwezi kukaa hivi. Pettway watapata kocha. Mkewe atakuja na watoto, hawajui duka liko wapi." Maji ya mapichi yakamwagika mezani. "Lazima akute kitu mlangoni."

"Atatoka wapi kocha, na wote wamekwenda?"

"Atatoka mahali. Kila kocha anatoka mahali pa mtu."

Nilimwacha anakanda. Cleophus alinirudisha mpaka tukaingia Tolliver. Jua lilikuwa limetoka. Kwenye kona ya kanisa letu, akija upande wetu kwa miguu, tulimwona Lavinia, mke wa kocha wetu. Kocha wetu wenyewe, wa Tolliver, wa kijani. Alikuwa amevaa vizuri, anatabasamu, na mkononi amelishika bakuli la kioo la mke wa Cleophus, lile lenye maua pembeni.

"Mama Vella! Kaka Cleo! Nilikuwa nakuja kwenu."

Hakuwa amelifunika na kitambaa. Alilinyanyua kutuonyesha jinsi alivyolisafisha, na kupitia kioo chake kitupu niliona barabara na madirisha ya nyumba yake nyuma.

"Cleo," nikasema, "usisimame. Endesha."

Hakuwa na haja ya kuambiwa.